Kabla Hujafungua Pipa

Adoyo mwanangu,

Kesho nitakuharibia sherehe. Nakuambia leo, tena kwa maandishi, ili ukifika chuoni Eldoret usije ukasema mama yako alikuvizia mbele za watu.

Nimekaa nyuma ya jiko la kukaushia samaki, kwenye kigoda changu, na jua bado liko juu ya ziwa. Wewe umeteremka Sori kutafuta sanduku la nguo. Mbele yangu kuna pipa letu la maganda ya njugu. Nimelifunika na kuziba kingo kwa udongo, na moshi umeacha kutoka tangu saa sita. Unajua halifunguliwi leo. Litafunguliwa kesho asubuhi, na utalifungua wewe kama siku zote, kwa hiyo barua hii nitaiweka juu ya kifuniko, chini ya jiwe. Isome kwanza, ndipo ufungue.

Mambo ya kufua, kupika na kuchagua marafiki sitayaandika. Unapika vizuri kuliko mimi, na marafiki wabaya uliwafukuza mwenyewe ukiwa darasa la sita, mmoja kwa ufagio. Ninaandika juu ya mikebe ya chumvi.

Umekua ukiiona. Ile mikebe mitatu myeupe ya plastiki kwenye rafu ya jikoni, mmoja wa chumvi, mmoja wa majani ya chai, mmoja wa mbegu za sukuma. Uliwahi kuniuliza ilitoka wapi, nikakuambia ilikuja na vitamini. Haikuwa vitamini. Ilikuwa mikebe ya dawa za virusi vya ukimwi, na wa kwanza, huo wa chumvi, ulikuwa wa mama yako mdogo Awino.

Ulikuwa mdogo alipokufa, na uliambiwa ni malaria. Awino alikuwa anameza dawa vizuri tu alipokuwa kwetu Muhuru Bay. Tatizo lilianza alipoolewa Ndhiwa. Unajua vile mkebe wa zile dawa unavyolia mtu akitembea nao. Hakuna mtu upande huu wa ziwa asiyeujua ule mlio. Mama akipita barabarani na mfuko unalia, watu wanasalimia huku wanahesabu. Awino alijaza pamba ndani ya mkebe ili usilie. Halafu akauficha kwenye pipa la unga wa wimbi. Halafu wageni wakilala pale nyumbani, anaruka siku moja. Wakwe wakija wiki nzima, anaruka wiki nzima. Mwisho akaacha kabisa. Dada yangu alikuwa na dawa ndani ya nyumba, zimejaa mkebe, akafa kwa kuogopa kusikika. Nimelilia hilo jambo mpaka nikachoka, na nikiliandika sasa bado nina hasira nalo.

Siku ya mazishi mume wake aliniita nyuma ya nyumba akanipa kitu kimefungwa kwenye leso. Akaniita binti wa Muhuru, kama wanavyoniita wote hapa, "Nyar Muhuru, toa hizi vitu. Watu wasione." Nikatoa. Nilikuja nazo mpaka hapa, nikashuka pale kijito kinapokunja chini ya shamba letu, mahali ambapo wanawake hawachoti maji, nikafungua kifuniko nikamwaga. Vidonge vilikaa juu ya mchanga kidogo, vikalainika, vikaenda. Nikaosha mkebe. Nikakwangua karatasi ya jina kwa kisu cha samaki. Niliona nimemfanyia dada yangu jambo la mwisho la heshima, na nikarudi nyumbani kifua kimepoa.

Kama ningeishia hapo, labda nisingekuandikia. Lakini ulijua mama yako alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, anatembelea wagonjwa na kitabu na fulana ya kazi. Usichojua ni kwamba nyumba zenye msiba zilikuwa zinaniita kabla hazijawaita waimbaji wa kanisa. Naingia na kikapu cha mboga, natoka na kikapu hicho hicho, na chini ya mboga kuna mikebe. Dawa za virusi, septrin, za kifua kikuu, za presha. Zote nilizipeleka pale pale kijito kinapokunja. Miaka mingi, Adoyo. Mpaka juzi juzi ulipokuwa kidato cha tatu.

Sitadanganya kwamba sikujua. Tulifundishwa: dawa zikibaki, zirudishwe zahanati, ziandikwe, ziteketezwe inavyotakiwa. Nilikuwa na cheti ukutani kinachosema nimefundishwa. Lakini kuzirudisha kulimaanisha jina la marehemu liingie kitabuni mbele ya lile dirisha la dawa, na nyuma yako foleni nzima ya watu wenye masikio. Nilikuwa nimewaahidi wale wajane kwamba hakuna atakayesikia. Kijiji kilinisifu kwa mdomo wangu uliofungwa, na mimi nikaipenda hiyo sifa kuliko kazi niliyofundishwa. Hapo ndipo nilipoharibikia. Nilifanya ubaya kwa roho safi, tena nikijipongeza.

Halafu akaja yule mama wa maabara na chupa zake.

Unamkumbuka alivyochota maji mahali sita, akaandika, akaweka kwenye sanduku la barafu, na sisi tukidhani anatafuta kipindupindu. Aliporudi baada ya miezi akasimama uwanja wa kanisa akasema maji yetu yana dawa ndani yake. Mzee mmoja akauliza, "Sasa si ni vizuri? Tunakunywa na tunapona bure." Watu wakacheka, hata wewe. Yule mama hakucheka. Akaeleza kwamba dawa kidogo kidogo kila siku haimponyi mtu. Inawafundisha vijidudu kuizoea, na siku ukiugua kweli ukaihitaji, unameza na haifanyi kazi. Akasema nyingi inatoka kwetu wenyewe: tunameza, tunaenda chooni, mvua inashuka na vyoo vyetu. Nyingine inatoka kwa dawa za ng'ombe. Hilo neno la vyoo nililishika kwa mikono miwili. Nililala nalo. Ni neno la kweli, na mpaka leo ningeweza kujificha nyuma yake nikaonekana mtu mwema. Lakini alisema pia kwamba kati ya mahali sita, mahali pamoja palizidi pengine pote, na akapaonyesha kwa kidole. Pale kijito kinapokunja. Akauliza kama kuna anayejua ni kwa nini.

Nilikuwa safu ya pili. Wewe ulikuwa kulia kwangu. Nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Mengine uliyaona. Mtu mmoja akasema ameona karatasi za vidonge karibu na shimo la zahanati. Mwingine akasema anayechoma taka za zahanati ni nani, si ni Marwa? Wa tatu akasema huyo ametoka Kuria, ana haja gani na maji yetu. Mambo yakaenda hivyo, haraka, kwa sababu kila mtu alikuwa anatafuta mahali pa kuweka mzigo, na mtu aliyekuja kutoka mbali ana mgongo mpana machoni pa watu. Mzee Marwa alisimama na lile koti lake la kijani la usafi akasema yeye anachoma kila kitu kwenye shimo na anafukia. Kisha akatuangalia, mmoja mmoja, akitafuta mtu wa kusema. Macho yake yalifika kwangu yakakaa. Mimi, mhudumu wa afya, niliyekuwa namletea sindano zilizotumika kila Ijumaa na kumwona akizichoma kwa macho yangu. Sikufungua mdomo. Wiki mbili baadaye wakamwandikia barua akaondoka kazini.

Na Gati binti yake akatoka shule. Gati aliyekushinda kemia mara mbili ukaja nyumbani ukatupa begi. Nilikuambia uache wivu usome. Muhula uliofuata ukawa wa kwanza kwa kemia, na mimi nikachinja kuku. Nataka ujue kwamba ile nyama ilinikwama, na nilikula.

Sasa ngoja nikuambie habari ya makaa, kwa maana hiyo tunaijua pamoja na itanipa pumzi.

Yule mama wa maabara alisema kuna watu wanachuja dawa kwenye maji kwa makaa ya maganda na mabua, yaliyochomwa bila hewa. Alisema ndani ya makaa kuna matundu madogo sana ambayo jicho haliyaoni, na dawa ikipita inashikwa humo. Watu wakaitikia kwa kichwa wakaenda zao. Mimi niliposikia "bila hewa" nikasimama. Maisha yangu yote nimekausha samaki, hasa mbuta, kwa moshi. Kunyima moto hewa ni kazi ambayo mama yangu alinifundisha Muhuru kabla sijajua kusoma: usiuache uwake, usiuache ufe. Nikamwambia hiyo naiweza. Aliniangalia, akaangalia kanga yangu inayonuka samaki, akasema tujaribu.

Nilidhani nimejitolea kwa ajili ya kijiji. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta njia ya kulipa bila kusema.

Na ile mara ya kwanza, Adoyo! Nilivyo na ujanja, nikaona kwa nini ninunue pipa na jiko la samaki lipo. Nikachoma maganda humo humo kwenye mafuta ya mbuta wa miaka kumi. Tukatengeneza chujio, changarawe, mchanga, makaa, tukawaalika akina mama wa kanisa waonje. Walikunywa kwa adabu. Mmoja akasema, "Maji mzuri, Nyar Muhuru, inataka tu ugali." Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mara ya pili tukatumia pipa, na mimi nikalifungua jioni ile ile kwa sababu sikuweza kungoja. Hewa ikaingia, maganda yakawaka yote mbele ya macho yetu, tukabaki na majivu. Ulinikasirikia siku mbili. Tangu siku hiyo ukaninyang'anya kazi ya kufungua, na ulifanya vizuri.

Lakini yale majivu ndiyo yaliyotufaa. Nilikuwa naangalia lile rundo nikawaza yale maji ya majivu ya maganda ya maharagwe tunayolainishia mboga, namna yanavyokula mboga ngumu mpaka ikalegea. Nikasema, kama yanaweza kufungua mrenda, yatashindwaje na ganda la njugu? Tukaloweka maganda siku mbili kwenye maji ya majivu, tukayakausha, ndipo tukayachoma. Ulikuwa na aibu kumwambia yule mama kwamba tumeiga mboga. Akapeleka maabara, akarudi akasema haya yanashika dawa zaidi ya yale ya kwanza, akaniuliza nimeitoa wapi akili hiyo. Nikamwambia jikoni. Siku hiyo niliona umenitazama kwa namna nyingine. Hakuna mtu atakayeninyang'anya siku hiyo, hata mimi mwenyewe na dhambi zangu.

Usikubali mtu akuambie huko chuoni kwamba vitu hivi vinatoka vitabuni tu. Sikiliza walimu, soma mpaka macho yaume, lakini ukiulizwa ulianzia wapi useme ulianzia kwenye chungu cha mrenda, tena useme kwa sauti.

Halafu kuna siku ya shamba. Makaa yakishashika dawa ya kutosha yanashiba, hayashiki tena, lazima yatolewe yawekwe mengine. Yale ya kwanza yaliyoshiba mimi niliyamwaga kwenye sukuma, nikifikiri makaa ni mbolea. Ukarudi kutoka shule ukaniona na karai. Ukapiga kelele, "Mama! Dawa yote imo humo! Mvua ikinyesha inateremka kijitoni, umeirudisha kule kule!" Niliacha karai nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, na ukaja kuniomba msamaha kwa kunipigia kelele. Ulidhani nimelia kwa ajili ya sauti yako. Nilikuwa nimesikia "umeirudisha kule kule". Ulikuwa umesimama mita chache juu ya pale pale, na hukujua umesema nini.

Tulikwangua udongo wote wa juu siku ile, mimi na wewe, tukautia kwenye magunia. Na ni wewe uliyesema tupeleke kwenye tanuri la matofali kwa sababu moto wake ni mkali kupita wote hapa. Yule mama wa maabara akakubali. Mwenye tanuri alikuwa nani? Mzee Marwa, ambaye baada ya kufukuzwa alianza kufyatua matofali kule chini kwenye udongo mwekundu. Ulimwomba wewe. Alikubali bila kuuliza neno. Basi tangu wakati huo kila makaa yakishiba nabeba gunia kichwani, nampelekea yule mtu uchafu wangu, anauchoma, ananiambia asante kwa kutembea. Asante! Kila mara nilikwenda na neno mdomoni na kila mara nikarudi nalo.

Leo asubuhi, ulipokuwa unapiga pasi, nilikwenda na gunia nikalisema.

Alikuwa anapanga matofali. Nikamwambia, "Mzee Marwa, kabla hujachukua gunia kuna neno. Ile dawa ya kijitoni ni mimi nilimwaga. Si wewe, si zahanati. Ni mimi." Nikamweleza yote, mikebe, wajane, Awino. Hakugeuka. Aliweka matofali mengine matatu, akayanyoosha kwa kiganja.

Akasema, "Siku ile ya mkutano ulikuwa."

"Nilikuwa. Safu ya pili."

"Nilikuangalia wewe."

"Najua."

"Nilijua huyu mama atasema, kwa sababu anajua kazi yangu. Miaka mbili, Nyar Muhuru, nimefikiri labda hukunisikia vizuri. Labda masikio."

Akachukua gunia akaliweka miguuni pangu akasema, "Leo choma mwenyewe." Nikachoma mwenyewe. Nilitia kwa mikono, konzi kwa konzi, kwenye mdomo wa tanuri, na nywele za uso zimeungua. Ukiniona kesho bila nyusi usiulize. Hakunisaidia. Nilipomaliza akasema, "Mimi walinifukuza na barua, si na mdomo. Na wewe niandikie. Kwa Kiswahili, nisome mwenyewe, nisitafute mtu wa kunisomea."

Nikauliza Gati nimwambie vipi. Akasema, "Hiyo utajua wewe. Mimi sibebi."

Hakunisamehe, Adoyo, na sikumwomba anisamehe haraka ili nipumue. Ni haki yake kukaa na hasira kadiri anavyotaka. Nimetoa karatasi kwenye daftari lako la zamani la kemia nikamwandikia mistari minne na kuweka sahihi na namba ya kitambulisho. Mistari minne ilinichukua muda mrefu kuliko barua hii yote. Yako nimeiandika kwa Kiswahili pia, si kwa lugha yetu, kwa sababu mkono ulikuwa umeshashika njia hiyo, na kwa sababu akitaka kuisoma, aisome. Sina tena kitu cha kuficha chini ya mboga.

Sasa kesho. Kamati ya maji imeita watu uwanja wa kanisa saa nne, kukuaga wewe na kufungua lile chujio kubwa jipya la maji ya kijiji. Mimi nimepewa dakika tano za kushukuru. Jana nilimwendea Mwalimu Ouma, mwenyekiti, nikamwambia nitazitumia kusema niliyoyafanya na kumsafisha Marwa jina. Nusura aangushe kikombe.

"Nyar Muhuru, hebu sikiza. Hawa watu wa kufadhili chujio watakuwa hapo. Wakisikia hiyo story watasema sisi wenyewe ndio tulichafua maji. Wacha tumalize function, hiyo ingine tutaongea after."

"After gani, Mwalimu? Miaka mbili ni after ya kutosha."

"Fikiria mtoto. Unataka kumwagia Adoyo maji chafu siku yake?"

"Adoyo amezoea kuchuja."

Akaniambia polepole kwamba barua ya kukuombea msaada wa karo aliitia sahihi yeye, na kamati ikiaibika hajui sahihi hiyo itasimama vipi. Nilimwelewa. Nimeishi na watu wanaozungumza hivyo maisha yangu yote. Nikamwambia kama atataka kuiandika upya, aongeze kwamba mama wa mtoto alikuwa mwongo na sasa ameacha, na aisome hadharani, nitamshikia kipaza sauti.

Nilitembea nyumbani nikihesabu karo njia nzima, nisijifanye shujaa kwako. Inawezekana ukafika Eldoret na ule msaada usifuate. Ukikatwa nitakausha samaki wa ziwa zima, nitauza hili jiko na kigoda nilichokalia, lakini hutasoma kwa nafasi iliyonunuliwa na kimya changu. Ile ya kwanza, ya kemia, imetosha. Gati yuko Ogwedhi anauzia wenye ng'ombe chai siku ya soko, na kichwa chake ni kizuri kama chako. Siku ya soko ijayo nitakwenda huko mwenyewe, nitakaa kwenye benchi lake nimwambie. Usimpigie simu kabla yangu. Huo si mzigo wako, na usijaribu kunipunguzia.

Na kuna watakaosema nimevunja siri za marehemu. Sitataja nyumba hata moja. Nitamtaja Awino tu, kwa sababu ni damu yangu, na nitausimamisha ule mkebe wa chumvi mezani mbele ya wafadhili, niutie punje za mahindi, niutikise. Wausikie. Waambiwe kwamba kwa ajili ya mlio huo dada yangu alikufa na kijito kikachafuka, na kwamba mimi nimekoma kuuogopa. Nitataka zahanati iweke sanduku la kurudishia dawa mlangoni, lisilo na kitabu, lisilouliza jina, mtu atumbukize apite. Na nitataka Marwa arudishiwe kazi mbele ya watu wale wale walioikubali ifutwe. Wakikataa nitarudi mkutano ujao, na unaofuata. Wananijua nikiamua.

Wewe umefanana nami kwa ukali na kwa kujipenda, ndiyo maana nakuandikia makosa yangu badala ya mawaidha. Utakuja kufanya kazi ambayo watu watakusifu kwa kunyamaza. Kwenye maabara wapo pia, usidhani ni kijijini tu. Utapewa chupa yenye jibu lisilopendeza na mtu mpole atakuomba usubiri function iishe. Siku hiyo nikumbuke safu ya pili, nikiangalia viatu.

Kuja kesho uwanjani si lazima. Nasema kweli. Ukiona huwezi kusimama kando yangu, beba sanduku lako, gari la kwanza linapita saa mbili, na nitakupungia mkono na kukupenda vile vile. Nitasema uwepo usiwepo. Mzee Marwa amesema atakuja na lile koti la kijani, hawakuwahi kumtaka alirudishe.

Lakini ukiamua kuja, fungua pipa kwanza. Litakuwa limepoa. Toa makaa kwa mikono yako, yatie kwenye chujio lile kubwa kabla watu hawajafika. Na usinawe, Adoyo. Mikono yangu bado ni myeusi tangu kwenye tanuri, nami sinawi. Njoo hivyo hivyo, tuwape watu mkono.

Mama yako,
Nyar Muhuru